Mwaka na nusu na lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye taarab za Mombasa

Yule bi alikatiza ubeti katikati, akaniinulia mkono, akasema kwenye maikrofoni na ukumbi mzima ukisikia: "Mwanangu, taa hiyo yaniumiza mato." Ilikuwa Majengo, usiku wa arusi ya binamu yangu, na taa aliyoisema ilikuwa flashi ya kamera yangu, Canon 700D. Niliizima papo hapo, nikamwomba radhi kwa kuinamisha kichwa, na taarab ikaendelea. Picha zangu ndizo hazikuendelea. Lenzi niliyokuwa nayo, ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, bila flashi ilinipa giza na mikono iliyovutika kama moshi. Kati ya picha mia mbili na kitu nilimkabidhi binamu kumi na moja tu, na katika hizo hakuna hata moja yenye uso wa mwimbaji.

Lenzi ninayoieleza hapa, Canon EF 50mm f/1.8 STM, niliinunua wiki tatu baadaye kwa ajili ya usiku ule. Nimeitumia mwaka na nusu sasa: arusini, kwenye tamasha za wazi pale Mama Ngina, kwenye jukwaa la Swahilipot karibu na Fort Jesus, na kwenye hoteli mbili tatu za Nyali na Shanzu. Sijalipwa na mtu kuisifu. Kama unataka kuanza kupiga picha na video za muziki ukumbini, na pesa ni za kuhesabu, nakuomba unisikilize kabla hujabadilisha kamera.

Maana ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa huo, badilisha kamera. 700D ilitoka 2013, ina megapikseli 18, na ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kupita 3200 picha inajaa chenga, zile punje punje. Ni kweli yote. Lakini ipige hesabu ya mwanga. Lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki kupita f/5.6, na nambari ya f ikiwa ndogo ndipo tundu huwa kubwa. Hii ya 50mm hufunguka mpaka f/1.8, na hapo hupitisha mwanga karibu mara kumi. Usiku ule kamera ilikuwa ikinipa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/20 ya sekunde, na mwimbaji wa taarab, hata akiimba amekaa kitako, shingo na vidole havitulii. Kwa mwanga ule ule na ISO ile ile, f/1.8 ingenipa kama 1/200. Kwa 1/20 unapata moshi. Kwa 1/200 unapata uso. Hakuna kamera ya bei ninayoiweza mimi ambayo ingeniongezea mwanga kiasi hicho.

Niliipata mkononi, imeshatumika, kwa shilingi 11,500. Ya kwanza niliyoonyeshwa niliikataa, na nitasema kwa nini, kwa kuwa hapa pwani ndipo wengi wanapoumia. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, kisha chungulia kwa mbele. Ile ya kwanza ilikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba pembeni mwa kioo cha ndani, mfano wa utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Joto na unyevu wa Mombasa huilea, na lenzi iliyolala kabatini mwaka mzima ndani ya mkoba wake ndilo shamba lake. Muuzaji aliniambia ni vumbi. Vumbi halina matawi. Ya pili ilikuwa safi. Nikatazama mrija wa mbele unavyotoka na kurudi bila kukwama, nikapiga picha tano za ukuta wenye maandishi kwa f/1.8, nikazikuza kwenye skrini ya kamera herufi kwa herufi, ndipo nikalipa kwa M-Pesa, lenzi ikiwa bado mkononi mwangu.

Angalia pia usiuziwe nyingine kwa jina hili. Ya zamani, f/1.8 II, ni ya mwaka 1990. Shingo yake inayoshika kamera ni ya plastiki na tundu lake lina mabapa matano, kwa hivyo ukilibana kidogo taa za nyuma hutoka zenye pembe tano. Hii ya STM ilitoka 2015, shingo ni chuma, mabapa ni saba, na taa za nyuma hukaribia duara. Kisha kuna RF 50mm ya mwaka 2020, ya kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake (mirrorless), na hiyo haiingii kabisa kwenye 700D. Rafiki yangu wa Likoni aliinunua kwa kufuata picha ya tangazo, ikamchukua mwezi kumpata wa kumuuzia.

Uzito wake ni gramu 160. Embe ngowe moja huizidi.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye 700D, ambayo kihisio chake, kile kipande kinachopokea picha, ni kidogo, 50mm huona kama 80mm inavyoona kwenye kamera za kihisio kikubwa. Kwa lugha ya ukumbini: simama mita nne, shika kamera wima, na mwimbaji aliyesimama ataingia kutoka utosini mpaka viatuni bila nafasi ya ziada. Sogea mita mbili, unapata kichwa mpaka kiuno. Kikundi kizima, na udi wake, fidla, kibodi, ngoma na waitikiaji, kinataka urudi nyuma mita kumi na zaidi, na nyumba za Mji wa Kale hazina mita kumi za kurudi nyuma. Lenzi haizumu. Unakwenda kwa miguu.

Wengine wanaiona hiyo kasoro. Mimi ndiyo iliyonifundisha kazi. Nilipokuwa na lenzi ya kuvuta nilisimama mlangoni karibu na spika, nikiwavuta watu kwa mkono kutoka mbali, na watu wakanitazama kama mtu anayechungulia. Mita mbili kutoka kwa mwimbaji huwezi kufika bila kumwamkua. Kwa hivyo siku hizi nafika vyombo vinapojaribiwa. Nampa fundi mitambo salamu zake na kumwuliza taa zipi zitabaki zikiwaka. Namwuliza mwimbaji nyimbo gani atasimama, na upande upi wa uso anaupenda. Mzee mmoja mpiga tashkota, ile ala ya Kijapani yenye vibonye ambayo taarab ya Mombasa imeifanya yake, aliniita kabla ya shughuli, akaniambia: "Wewe kaa kushotoni kwangu. Mkono wa kulia wakwaruza tu. Wa kushoto ndio usemao." Nilikaa kushoto. Picha ya vidole vyake juu ya vibonye, mishipa ikionekana na nyuma kukiwa hakuna ila madoa ya taa, ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga. Nisingeijua mahali pa kuitafuta kama hakuniambia.

Sasa niseme inapouma. Kwa f/1.8 na mita mbili, kina cha kilicho wazi kwenye picha ni kama sentimita 11. Ni kiganja. Katika taarab dakika yenye thamani kuliko zote ni ya kutunza: shabiki anainuka, anakuja akicheza taratibu, anamtuza mwimbaji, na katika nukta hiyo wawili hao wanaambiana jambo kwa macho ambalo ukumbi mzima unalielewa. Mara tatu mfululizo kamera yangu ilishika fokasi kwenye noti. Noti ya mia mbili ikatoka ikisomeka nambari zake zote, uso wa bi nyuma yake ukayeyuka. Niliumia sana, maana dakika ile hairudiwi, na aliyetunza alikuwa dada yake mwimbaji ambaye walikuwa hawajasemezana kwa muda mrefu.

Dawa niliyoipata ni hii. Nyakati za kutunza nabana mpaka f/2.8, kina kinafika kama sentimita 17. Naiambia kamera itumie nukta moja ya fokasi, ile ya katikati, ambayo kwenye 700D ndiyo inayoaminika gizani. Naiweka kwenye jicho la mwimbaji, kisha naisogeza fremu. Na sisimami tena mbele yao. Nasimama ubavuni, ili anayekuja na anayeimba wawe umbali mmoja kutoka kwangu. Mwanga ninaoupoteza naulipa kwa ISO 3200, na chenga nazikubali. Hajaja mtu kunilalamikia chenga. Uso wenye ukungu ndio wanaoulalamikia.

Kuna shughuli moja ambako kina hicho kidogo ni neema, na hapo ndipo lenzi hii imenipatia jina. Kupamba ni usiku wa wanawake peke yao. Simu haziruhusiwi, mabuibui yanavuliwa, nywele ziko wazi, na chakacha ikikolea hata bibi wa miaka sabini hufunga leso kiunoni. Mpiga picha lazima awe mwanamke, na awe mtu ambaye mwenye shughuli anajua kwao ni wapi. Picha moja ikitoka nje ya nyumba ile, ndoa ya mtu inaweza kuingia matatani. Kwa f/1.8, ukimfokasi bibi arusi mita mbili mbele yako, mtu aliyekaa mita tano hubaki rangi na umbo tu. Uso wake si rahisi kuutambua. Nilipomwonyesha mama mmoja wa Kibokoni picha ya kwanza ya jaribio kwenye skrini, alitafuta uso wa dada yake nyuma, asiuone, akaniambia, "Haya mwanangu, endelea." Na flashi hakuna, kwa hivyo wanaocheza hawakatizwi.

Lakini lenzi haimlindi mtu, anayemlinda ni mpiga picha. Naenda na kadi mpya. Usiku huo huo, kabla sijavaa buibui langu kuondoka, naitoa kadi mbele ya mama wa bibi arusi na kumkabidhi mkononi. Kuhariri nakwenda kwao na kompyuta yangu ikiwa haina intaneti, tunazipitia moja moja, anazokataa zinafutwa akiona, na nakala sibaki nayo. Kwa hivyo picha zangu bora za muziki hamtaziona popote. Anayeanza kazi hii Mombasa na akataka kila picha iende mtandaoni, shughuli hizi azipishe.

Kwenye majukwaa ya hoteli mambo ni mengine. Mwanga upo tele, ila ni wa LED, buluu na zambarau, na hapo lenzi yoyote hutaabika. Buluu tupu kwenye ngozi nyeusi hufuta umbo la uso. Taya na shavu vinakuwa kitu kimoja. Napiga kwa faili ghafi za RAW ili niweze kuokoa kitu baadaye, na zaidi ya yote nangoja. Fundi wa taa ana mzunguko wake. Nautazama wimbo mzima bila kupiga, najua baada ya kipokeo taa ya manjano hurudi kwa nukta chache, na nyimbo zinazofuata naingojea hiyo. Tamasha kubwa nyingi zinakupa nyimbo tatu za mwanzo tu pale mbele, bila flashi, kisha unaondolewa, kwa hivyo wimbo mmoja wa kutazama ni gharama. Naulipa.

Ukiona mistari ya giza imepita kwenye picha, si lenzi mbovu. Ni taa zinazowaka na kuzimika upesi kuliko macho yetu. Umeme wetu ni wa 50Hz, na nyingi katika taa hizi zinatulia ukitumia shata ya 1/100, au 1/50 kwa video, na kamera ikiwa kwenye mpangilio wa video wa PAL, fremu 25 kwa sekunde. Kamera yangu ilitoka dukani ikiwa NTSC, fremu 30, na video zangu tatu za kwanza zote zinapepesuka kama taa ya mafuta kwenye upepo. Na penye leza usielekeze kamera kwenye mwale hata nukta moja. Leza huunguza kihisio, na kidonda hicho hakitengenezeki.

Kwa video alama ninazoipa ni chache, na sitaki mtu ainunue akitarajia vingine. Haina kitulizo cha kutikisika, kwa hivyo ukiishika mkononi kila pumzi yako inaonekana. Mota yake ya fokasi ni kimya kuliko ile ya 1990, lakini maikrofoni ya kamera inaisikia, mlio mdogo kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Gizani inasitasita, inakwenda mbele na kurudi katikati ya ubeti. Naitumia kwa video nikiwa nimefunga fokasi kwa mkono, kamera juu ya mguu mmoja, na mwimbaji aliyekaa mahali pamoja. Udi na fidla, vizuri sana. Kijana wa rapu anayeruka jukwaa zima, hapana.

Sauti usiitegemee kamera hata kidogo. Besi ya spika huijaza maikrofoni ndogo mpaka sauti ya mwimbaji inapasuka, na 700D haina tundu la kuchomeka vipokea sauti vya masikioni, kwa hivyo utajua nyumbani. Nimenunua kinasa sauti kidogo cha Zoom H1n, namwomba fundi anipe waya kutoka kwenye miksa, nashusha kiwango mpaka kipimo kisiguse juu hata ngoma inapopigwa kwa nguvu, na mwanzo napiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye nioanishe sauti na picha. Kofi hilo limeniokolea saa nyingi kuliko programu yoyote. Na masikio yako yazibe. Mimi nilipuuza miezi minne, nikawa nalala na mlio masikioni.

Kuhusu hali ya hewa, hii ni lenzi isiyozibwa dhidi ya maji wala vumbi, na sisi tunaishi kisiwani. Mama Ngina upepo ukitoka baharini, baada ya saa moja kioo cha mbele kina utando wa chumvi. Naufuta kwa kitambaa chenye maji safi kwanza, kwa maana ukisugua chumvi kavu unachora kioo. Nimeweka kichujio kisicho na rangi cha milimita 49 mbele yake na kofia ya ES-68, ile inayozunguka mdomo wa lenzi, ambayo Canon huiuza kando, na hiyo kofia nasema iwe ya lazima. Mrija wa mbele hutokeza nje lenzi inapofokasi, na kishindo kikiupata hapo kinafika moja kwa moja kwenye meno ya ndani. Ukiwa kwenye tuktuk na barabara ni ile ya Kisauni, utaelewa.

Kubaya zaidi ni ukumbi wenye kiyoyozi. Umekaa ndani saa mbili, lenzi imepoa, wageni wanatoka nje kumpokea bwana arusi, unakimbia nao, na mara kioo chote kinakuwa cheupe kwa mvuke. Ukiufuta unarudi. Nilimkosa bwana arusi mmoja hivyo, mlangoni, na matwari yakipigwa. Sasa robo saa kabla ya wageni kutoka natia kamera kwenye mfuko wa plastiki, naufunga vizuri, natoka nao nje, na mvuke unagandia mfuko badala ya kioo. Nauliza ratiba kwa sababu hiyo hasa.

Nyumbani inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika, na kila Ijumaa asubuhi naitoa ikapate mwanga na hewa.

Anayeniuliza akinunua hii afuatishe nini, namwambia EF-S 24mm f/2.8 STM. Ni nyembamba kama kaki, gramu 125, na kwa nyumba za Mji wa Kale ndiyo itakayokuingizia kikundi kizima kwenye fremu moja. Tundu lake ni dogo kuliko la hii, lakini kwa f/2.8 bado ni mara nne ya mwanga wa ile ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho. Naiwekea akiba. Kamera nyingine sijaifikiria.

Yangu kwa sasa pete ya fokasi imelegea kidogo, na kwenye rangi ya mrija kuna mkwaruzo wa siku ya feri, mtu aliponibana na gunia. Fokasi taa ikiwa nyuma ya mwimbaji inasita zaidi kuliko mwanzo, au huenda ni mimi niliyeongeza kudai. Leo asubuhi nimeimulika kwa tochi kwa nyuma, nikachungulia mbele, pande zote. Haina hata uzi mmoja.